Mabomu chini ya shimo la choo: uchambuzi wa kisa kimoja cha Goma

Kwa nini kisa hiki

Kisa hiki kilitokea Goma, katika mtaa mmoja wa upande wa magharibi, miaka michache kabla ya Nyiragongo kulipuka Mei 2021. Majina ya watu, avenyu, kanisa na chochote ambacho kingemfanya jirani aseme "huyu namjua" nimeviondoa, na mambo mawili matatu yasiyogusa kiini nimeyabadilisha. Ninakiandika kwa ajili ya mashefu wa avenyu (viongozi wa serikali wa barabara moja ya mtaa), mafundi ujenzi, wenzangu tunaopita shuleni na makanisani kuwaeleza watu hatari za vilipuzi, na hasa wanunuzi wa vyuma chakavu. Hao wa mwisho hatuwafuati. Tunakwenda kwa watoto na picha za mabomu, tunakwenda kwa wakulima, halafu tunampita mtu mwenye mizani, ambaye kila chuma kinachookotwa mjini kinamfikia kabla jua halijazama.

Usuli

Julai 1994, kwa muda wa siku chache tu, karibu watu milioni moja walivuka kutoka Rwanda wakaingia Goma na vijiji vya jirani. Wengi walikuwa raia. Katikati yao lilikuwemo jeshi zima la serikali ya Rwanda lililokuwa limeshindwa vita, pamoja na magari na risasi zake. Askari wa Zaire (ndilo jina la Kongo wakati ule) waliwanyang'anya baadhi yao silaha pale mpakani, lakini nyingi zilipita. Sehemu kubwa ya jeshi hilo ilikaa Mugunga, magharibi mwa mji. Mwanzoni mwa Novemba 1996 waasi wa AFDL na washirika wao waliingia Goma, na katikati ya mwezi huo huo kambi ya Mugunga ikavunjika. Waliokimbia waliacha malori, mabasi, hata nyaraka za ununuzi wa silaha ndani ya magari. Jeshi linalokimbia kwa miguu kuelekea Masisi halibebi masanduku ya mabomu ya mota, yale yanayorushwa juu kwa bomba. Linayatupa, linayachoma, au linayazika likitumaini kurudi.

Huo ulikuwa mwanzo tu. Agosti 1998 vita vya pili vilianzia huku huku Kivu, na kundi la waasi la RCD likakaa Goma kwa miaka. Waasi wa M23 waliingia mjini tarehe 20 Novemba 2012 wakatoka mwanzoni mwa Desemba, na mwaka uliofuata mizinga ikasikika tena upande wa Kibati, kaskazini mwa mji. Kila mara mji ulipopata wakubwa wapya, wakubwa wa zamani waliacha kitu ardhini.

Kilichoachwa ni cha aina mbili. Kuna bomu lililorushwa likakataa kulipuka, na kuna lile ambalo halikurushwa kamwe, lililotelekezwa au kuzikwa likiwa bado ndani ya sanduku lake. Watu huogopa la kwanza na kulidharau la pili. Wanaliona jipya, limepakwa mafuta, limelala kimya, basi wanasema limekufa. Miaka ardhini haiui baruti ya kijeshi. Mbao huoza na kutu hula chuma, lakini kilichomo ndani hubaki, na vile vifaa vidogo vya kuwasha mlipuko vinaweza kuzidi kuwa vibaya kadiri unyevu unavyoingia. Huko Ypres, Ubelgiji, wakulima bado wanafukua makombora ya vita vya 1914 hadi 1918 kila wanapolima, na jeshi la Ubelgiji bado linapita kuyakusanya.

Jambo lingine la usuli ni ardhi yenyewe. Goma imejengwa juu ya mwamba wa volkano. Kuchimba shimo la choo hapa ni kazi ya mtalimbo na nyundo, kipande kwa kipande, na mchimbaji hulipwa kwa jasho kweli kweli. Mwamba mgumu ukiisha ghafla, mtalimbo ukazama kwenye udongo mweusi laini uliochanganyika na mawe ya rangi nyingine, ujue kuna mtu aliwahi kuchimba hapo kabla yako. Mafundi wa zamani wote wanajua alama hii. Sijawahi kuiona kwenye bango lolote la mafunzo.

Kisha kuna mkate wa kila siku. Vijana na maibobo, watoto wa mitaani, hupita na magunia wakiokota chuma, shaba, aluminiamu. Chuma cha kawaida ni faranga kidogo kwa kilo. Aluminiamu ina bei zaidi. Shaba inapita zote kwa mbali. Chuma hupakiwa kwenye malori yanayovuka mpaka. Aluminiamu nyingi haiendi mbali: inayeyushwa hapa hapa kwa makala, yaani makaa, na kumiminwa kwenye kalibu za mchanga, inatoka sufuria. Mambo kama haya hayako kwetu tu. Katika kijiji cha Ban Naphia, jimbo la Xieng Khouang, Laos, mafundi hutengeneza vijiko kutokana na aluminiamu ya mabaki ya vita, kwa kuwa nchi yao ilimwagiwa zaidi ya tani milioni 2 za mabomu kati ya 1964 na 1973. Mwenye njaa na chuma mbele yake atakiuza, Laos au Goma. Mafunzo yoyote yanayoanza kwa kusahau hilo yamekwisha kushindwa.

Siku ya ugunduzi

Mwenye kiwanja alikuwa mama mjane, muuza maharage. Zamu yake ya likelemba, mchango wa kupokezana pesa, ilikuwa imefika, na kwa pesa hiyo alitaka shimo la choo na msingi wa vyumba viwili vya kupangisha. Alimwajiri fundi wa muda mrefu, mtu wa makamo, naye fundi akawaleta vijana wawili wa kibarua, ndugu wa baba mkubwa na baba mdogo. Nitawaita mkubwa na mdogo.

Siku ya tano ya kuchimba, fundi alikuwa ameondoka kutafuta saruji. Shimo lilikuwa limewafika vijana kifuani. Mtalimbo ukazama. Chini ya udongo laini walikuta mbao zilizooza, vipande vya karatasi yenye mafuta, na vitu vya chuma virefu kiasi cha mkono, vyenye mikia ya mapezi. Mdogo aliniambia baadaye kwamba walijua ni mabomu. Hili nataka lisomwe mara mbili, maana kila ripoti niliyowahi kuiona ingeandika "walikosa ufahamu". Walijua. Walidhani tu kwamba bomu ambalo halikurushwa halina nguvu, na walikuwa wanadaiwa kodi ya nyumba.

Waliyatoa machache, wakayafunga katika gunia, wakamwita rafiki mwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, wakayapeleka kwa mnunuzi ambaye yadi yake haiko mbali. Njia ya kwenda huko ni mawe ya lava matupu. Chukudu huruka juu na kutua, huruka na kutua. Mnunuzi alipima gunia bila kulimwaga chini, akalipa, vijana wakarudi kazini kabla fundi hajarudi.

Fundi aliporudi aliona udongo mweusi pembeni ya shimo. Alichungulia kutoka juu, akaona mkia mmoja umejitokeza kati ya mbao. Akawaambia vijana watoke polepole na waache mtalimbo humo humo. Halafu akaenda kwa mama.

"Mama, kazi imesimama. Kuna mabomu chini."

"Papa, neno hii isitoke hapa," mama akajibu.

Kwa nini mama alitaka kunyamaza, na kwa nini hakunyamaza

Hofu ya mama haikuwa ya bomu. Marehemu mume wake alinunua kiwanja hicho miaka ya mwanzo ya 2000 kwa mtu aliyekwisha hama, na karatasi alizokuwa nazo zilikuwa chache. Katika nchi yetu, raia anayekutwa na silaha za kivita anaweza kupelekwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Mama alijiona tayari ameketi mbele ya afisa anayemuuliza mume wake alikuwa wa kundi gani. Kwa mtu aliyepita 1996, 1998 na 2012 katika mji huu, hiyo si hofu ya kufikirika. Majirani wawili waliokuwepo wakamwunga mkono. Mmoja alisema shimo lifukiwe na choo kihamishwe upande wa pili. Mwingine alisema usiku kuna mtu wa chukudu anaweza kuyamwaga ziwani.

Fundi alikataa yote mawili, na sababu zake zilikuwa za fundi. Ukifukia, alisema, mama atapangisha vyumba, mpangaji atapanda mti au kuchimba shimo la maji, na mtoto wake ndiye atakayelipa. Ukipeleka ziwani, kwanza utayapitisha barabarani, kisha utamwachia mvuvi na watoto wanaopiga mbizi. Hata hivyo hakwenda polisi. Alimwita shefu wa avenyu, mzee anayeheshimika na ambaye mama alikuwa anasali naye.

Uamuzi wa shefu ndio naona uligeuza kisa hiki. Kabla ya kupiga simu popote, aliandika karatasi. Aliandika kwamba siku hiyo, saa hiyo, vibarua wakichimba choo kwa kazi halali walikuta vitu vinavyodhaniwa kuwa vya vita, vikiwa chini ya mwamba na udongo wa zamani, kwamba mwenye kiwanja ndiye aliyetoa taarifa, na kwamba hakuna aliyevihifadhi. Alitia sahihi, mama akatia sahihi, fundi na majirani wawili wakatia sahihi, hata yule wa wazo la ziwa. Nakala moja mama akaiweka ndani ya Biblia yake. Kisha shefu akapiga simu mbili mfululizo: ya kwanza kwa namba ya wategua mabomu iliyobandikwa kwenye ukuta wa kituo cha afya, ya pili kwa shefu wa kartie, yaani mkuu wa mtaa mzima. Polisi walipofika jioni walikuta karatasi ipo, na wakaombwa wazuie njia badala ya kuingia uani.

Shefu alinieleza sababu kwa maneno machache: mtu anayeitoa habari mwenyewe, tena kwa maandishi, hawezi kugeuzwa kuwa mtu aliyefumaniwa. Alikuwa pia na wasiwasi ambao hakuusema mbele ya watu, kwamba risasi nzima zikichukuliwa na wenye bunduki kabla ya wategua mabomu kufika, zitarudi kutumika.

Kikosi cha wategua mabomu hakikuja siku hiyo. Kilikuwa kazini Masisi, wakaeleza kwa simu la kufanya: msiguse, msimwage maji, msichome taka karibu, watu wakae mbali. Fundi alipanga mawe yaliyopakwa chokaa kuzunguka uwanja. Wamama wa likelemba wakagawana zamu ya kukaa kwenye mlango wa uzio, mchana na usiku, wakiwarudisha watoto. Walifanya hivyo vizuri kwa usiku wa kwanza. Usiku wa pili vijana wenye simu walikuwa wanapanda ukuta wa jirani kupiga picha, na mama mmoja alikuwa ameanza kuuza mandazi pale pale kwenye mawe ya chokaa. Watu hawawezi kuogopa kitu kimoja kwa siku tatu mfululizo wakati hakitoi sauti.

Kwenye mizani na kwenye tanuri

Vijana walikuwa hawajasema neno kuhusu gunia. Usiku wa kwanza mkubwa alimwambia mama yake mzazi, mama yake akamwambia fundi. Fundi hakumfokea. Alimchukua, wakaenda wawili kwa mnunuzi asubuhi na mapema.

Mnunuzi alikana. Alisema hapokei vitu vya jeshi, yadi yake ni safi, na waondoke. Alikuwa na sababu: akikiri, yeye ndiye mwenye ghala la mabomu mbele ya polisi. Fundi akarudi na shefu. Shefu hakumtishia wala hakumwahidi pesa. Alimwahidi mambo mawili, kwamba jina lake halitaingia kwenye karatasi kama mwenye mali bali kama aliyerudisha, na kwamba wategua mabomu watapita kwenye yadi nzima bila malipo, kwa maana hata yeye hajui kilichomo chini ya lile rundo. Hapo mnunuzi akafungua. Gunia lilikuwa bado limefungwa, ila vitatu alikwisha viuza kwa mzee mmoja anayeyeyusha sufuria, kwa kuwa mikia ilikuwa ya aluminiamu.

Kwa mzee huyo nilifika mwenyewe baadaye, akanionyesha. Ni kibanda cha mabati: shimo la moto, feni ya kupepea makala, mchanga mweusi uliochekechwa, na kalibu za ukubwa wa sufuria nambari mbalimbali. Kijana wake wa kazi alikuwa ameviweka vile vitatu kando ya moto, hatua mbili hivi, akisubiri nyundo ya kutenganisha mikia. Mzee alivikuta hapo akavitoa nje. Hakuvitoa kwa kutambua ni mabomu. Macho yake hayaoni vizuri tena. Alivitoa kwa sheria yake ya miaka mingi: kitu kilichozibwa pande zote hakiingii motoni wala hakipigwi nyundo karibu na moto, kiwe mtungi, kiwe bomba, kiwe kopo la rangi. Miaka mingi nyuma kopo lililozibwa lilipasuka mbele ya uso wa mwalimu wake. Tangu hapo sheria hiyo haina swali.

Watu wanne walikuwa ndani ya kibanda kile, na nyuma ya ukuta wa mabati kuna mama anayesuka nywele za watoto.

Kikosi kilipofika

Asubuhi ya siku ya tatu kikosi kilifika. Watu wa nyumba za karibu walihamishwa hadi kanisani, na kazi ya kutoa vitu shimoni ikachukua sehemu kubwa ya mchana. Yalikuwemo mabomu ya mota ya milimita 60, guruneti chache zilizoliwa sana na kutu, na mikanda ya risasi. Kiongozi aliamua kwamba yaliyo mengi yanaweza kusafirishwa ndani ya masanduku ya mchanga hadi nje ya mji na kulipuliwa huko. Yale ya yadi na ya kibandani yalichukuliwa pia, na yadi ya mnunuzi ilipopekuliwa likatoka guruneti moja ambalo halikuwa na uhusiano wowote na shimo letu.

Katika kupanga mabomu yaliyorudishwa, kiongozi wa kikosi aliona mawili hayana vichwa, yaani ile sehemu ya mbele yenye kiwashio. Akauliza mara moja, kwa sauti, viko wapi. Waliosimama pale walikuwa polisi wawili, shefu, fundi, mnunuzi, wale vijana wawili na umati wa jirani nyuma ya mawe ya chokaa. Mdogo akajibu kwamba yalikuwa hivyo hivyo tangu shimoni. Kiongozi akaandika, kazi ikaendelea.

Matokeo

Hakuna aliyekufa. Mama hakusumbuliwa, afisa mmoja alikuja kuuliza, akaonyeshwa karatasi, akaondoka. Choo kilichimbwa, vyumba vikajengwa.

Wiki chache baadaye, mdogo alilipukiwa mikononi nyumbani kwa dada yake. Vile vichwa viwili alikuwa amevifungua kule shimoni, kabla ya kulifunga gunia, kwa kuwa vilikuwa na rangi ya shaba na shaba alitaka kuiuza peke yake, mbali na binamu yake. Alivificha ndani ya soksi chini ya kitanda akisubiri habari ipoe. Kimoja alijaribu kukipasua kwa bisibisi. Alipoteza vidole vitatu vya mkono wa kushoto, na jicho moja halikurudi sawa. Mtoto wa dada yake, aliyekuwa mlangoni, alijeruhiwa kidogo miguuni na akapona. Kichwa cha pili kilitolewa na kikosi kutoka kwenye soksi ile ile.

Uchambuzi

Nimewasikia watu wakikitaja kisa hiki kama mafanikio yaliyoharibiwa na ujinga wa kijana mmoja. Sikubali. Ukikifuata vizuri, kila mtu aliyekuwa na habari muhimu aliificha mwanzoni, na kila mmoja aliificha kwa woga wa watu kuliko woga wa bomu. Mama aliogopa mahakama. Mnunuzi aliogopa polisi na hasara. Mama alipewa karatasi, akasema. Mnunuzi alipewa ahadi, akasema. Mdogo hakupewa kitu. Aliulizwa swali zito kuliko yote ya siku ile mbele ya polisi, mbele ya mwajiri wake, mbele ya binamu ambaye yeye mwenyewe alikuwa amemdhulumu, na akatarajiwa kusema kweli hapo hapo. Hata mtu mzima mwenye dini yake angesita.

Kiongozi wa kikosi hakufanya kosa la ufundi. Macho yake yaliona kilichokosekana, na wengi wasingeona. Lakini swali kama lile linahitaji mtu mwingine na mahali pengine. Fundi alikuwepo, na ndiye aliyekuwa amemtembeza mkubwa hadi kwa mnunuzi bila kumfokea. Angechukuliwa pembeni na kuambiwa, "Papa, kuna vitu viwili vidogo vya rangi ya shaba, ongea na huyu mtoto jioni, mwambie hakuna atakayemshika," nadhani soksi ile ingetoka usiku huo huo. Mdogo mwenyewe, nilipomuuliza hospitalini kama angesema kwa fundi, alijibu kwamba alikuwa anasubiri fundi amuulize.

Pia tulihesabu vibaya. Tulihesabu mabomu: mangapi yalitoka, mangapi yamerudi. Hesabu ilipotimia tukaona tumemaliza. Anayeuza chuma hahesabu hivyo. Yeye huona chuma, aluminiamu na shaba, vitu vitatu vyenye bei tatu, na huvitenganisha kadiri awezavyo kabla ya kufika kwenye mizani. Swali la kuuliza ni kama kuna sehemu yoyote iliyotoka, kichwa, mkia, pete, kopo dogo, na nani anayo. Sasa hivi ndivyo ninavyouliza kila mahali.

Kuhusu malipo. Mnunuzi alipoteza pesa aliyowalipa vijana, na kulikuwa na pendekezo la kumrudishia kwa mchango wa mtaa. Shefu alikataa, nami naona alikuwa sahihi hata kama ilionekana ukali. Siku bomu lililorudishwa litakapokuwa na bei, vijana watakwenda kulichimba mahali ambapo lisingemgusa mtu. Usalama dhidi ya mashtaka ni malipo tosha, na ndiyo yaliyomfungua mnunuzi. Ila usalama huo lazima uwe wa kweli. Akikamatwa mmoja baada ya kurudisha, habari itafika yadi zote za Goma kabla ya saa sita mchana, na hatutaona gunia tena.

Sheria ya mzee wa sufuria inanifikirisha kuliko kitu kingine. Mabango yetu yana michoro ya mabomu ya kila aina na majina yake. Huyu mzee asiyeona vizuri hakuhitaji kutambua aina yoyote. Kufundisha watu kutofautisha aina naona kuna hatari yake, kwa sababu anayejua kidogo hukaribia kuangalia. "Kilichozibwa hakiingii motoni" haimwambii mtu aangalie, inamwambia aache. Tena inalinda hata dhidi ya mitungi na makopo, vitu ambavyo wayeyushaji hukutana navyo kila wiki, kwa hiyo haisahauliki pale miaka inapopita bila bomu. Mnunuzi wa kisa hiki aliichukua. Ukutani nyuma ya mizani yake ameandika kwa rangi nyekundu: KILICHOZIBWA HAKIPIMWI. Na gunia sasa humwagwa chini kwanza, taratibu, na aliyelileta, kabla ya kupimwa. Tumejaribu kuipeleka sheria hiyo kwenye yadi nyingine. Baadhi wameipokea, baadhi wanasema wakimwaga kila gunia wateja watakwenda kwa jirani asiyemwaga, na wana haki ya kusema hivyo mpaka yadi zote zikubaliane.

Zile siku tatu za kusubiri zingeweza kutuua wote. Zamu ya wamama ilikuwa jambo zuri kabisa, lakini mtaa usiachiwe kulinda shimo kwa maneno matupu. Ukuta wa jirani ungezibwa kwa turubai siku ya kwanza, picha zisingepigwa na umati usingekusanyika. Turubai moja tu; kanisani lilikuwepo.

Na alama ya udongo laini ifundishwe kwa mafundi kwa jina lake. Huduma ya Umoja wa Mataifa ya kushughulikia mabomu imekuwa ikifanya kazi Kongo tangu 2002, kuna kituo cha taifa cha kupambana na mabomu ya ardhini, CCLAM, kuna sheria ya 2011 inayohusu mabomu ya kuzikwa ardhini, yote hayo ni mema. Lakini anayefika wa kwanza kwenye kila shimo la mji huu ni kibarua mwenye mtalimbo. Fundi akimwambia siku ya kwanza ya kazi, "mwamba ukiisha ghafla, toka, niite," hiyo ni sekunde kumi, na haihitaji bajeti ya mtu.

Limebaki jambo moja ambalo halijaisha. Kikosi kiliposafisha shimo, upande mmoja wa udongo ule laini ulikuwa unaendelea chini ya ukuta, kuelekea kiwanja cha jirani. Jirani huyo ni mmoja wa wale wawili waliotia sahihi kwenye karatasi ya shefu. Alipoombwa ruhusa ya kupima kwake alisema nyumba yake imekwisha jengwa, sakafu ni saruji, na hataki wapangaji wake wakimbie. Shefu amerudi kwake zaidi ya mara moja. Safari ya mwisho alimpelekea karatasi nyingine iliyokwisha andikwa, yenye nafasi ya sahihi tu, inayosema kwamba mwenye nyumba ndiye aliyeomba kipimo. Jirani ameipokea na kusema atafikiri. Bado hajaweka sahihi.